Kijana Wetu Mbele ya Jopo: Maandalizi ya Usaili wa Kazi ya Rasilimali Watu

Mahafali ya vyuo yakishapita, nyumba nyingi huingia katika msimu mwingine usio na maua wala picha. Vyeti hutolewa nakala, barua za maombi huandikwa, na mzazi aliyeuza kiwanja ili kulipa ada huanza kuuliza kwa upole kila jioni: “Vipi, hawajakupigia?” Miezi hupita, pengine miaka, ndipo siku moja kijana huitwa kwenye usaili. Furaha ya siku hiyo ni kubwa, lakini tumeona mara nyingi kwamba maandalizi yanayofuata huishia katika kunyoosha nguo, kuomba dua na kukariri majibu yaliyopokewa kwa rafiki kupitia simu. Nguo nadhifu ni heshima, na dua ni silaha ya muumini. Hayo majibu ya kukariri ndiyo yaliyotusukuma kuandika makala hii.

Tumechagua kuzungumzia usaili wa nafasi ya afisa rasilimali watu, au afisa utumishi kama anavyoitwa katika ofisi nyingi za umma. Vijana wengi wanaofika msikitini kwetu kuomba ushauri wamesomea fani hiyo. Isitoshe, hii ni kazi ambayo anayeipata hukabidhiwa riziki za watu wengine. Yeye ndiye anayetunza mafaili, anayehesabu likizo, anayeandaa orodha ya mishahara, na anayeketi upande wa pili wa meza siku mtumishi anapoitwa kujieleza. Jopo linapomsaili mtu wa kazi hii, linapima kama anaweza kuaminiwa na mambo ya nyumba za watu. Kwa hiyo kila jibu atakalolitoa ni ahadi ndogo, na ahadi haikaririwi. Huandaliwa na mtu anayekusudia kuitimiza.

Haya isigeuke kuwa ukimya

Vijana wetu wengi wamelelewa kutojisifu, na malezi hayo ni mema. Tatizo hujitokeza pale jopo linaposema, “Tueleze kuhusu wewe,” na kijana mwenye shahada nzuri akainamisha kichwa, akataja jina lake, kijiji alichozaliwa na idadi ya ndugu zake, kisha akanyamaza. Mwingine, kwa kuogopa kuonekana dhaifu, hukimbilia upande wa pili na kumimina sifa: mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma, mwenye kufanya kazi chini ya shinikizo. Wote wawili wamelinyima jopo kile linachokihitaji, yaani jambo linaloweza kuthibitishwa.

Tukumbuke kwamba Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alipoomba kusimamia hazina za Misri alieleza bayana kuwa ni mlinzi mwenye ujuzi. Hakujigamba; alitaja kile ambacho kazi ile ilikihitaji na ambacho yeye alikuwa nacho. Huo ndio mpaka tunaowafundisha vijana. Kutaja kazi uliyoifanya, kwa kiasi chake na bila kuiongezea chumvi, ni kutoa ushahidi, na ushahidi hautolewi kwa kunong’ona.

Jibu la “tueleze kuhusu wewe” lisizidi dakika mbili na liwe na sehemu tatu: wewe ni nani kitaaluma hivi sasa, umefanya nini kinachohusiana na kazi hii, na kwa nini umeomba nafasi hii mahali hapa. Idadi ya ndugu na jina la kijiji vinaweza kusubiri chai baada ya kuajiriwa.

Ushahidi unatoka wapi kwa asiye na uzoefu?

Hapa ndipo kijana hutuambia, “Lakini mimi sijawahi kufanya kazi.” Tunapomketisha na kumhoji taratibu, mara nyingi tunakuta amefanya mengi. Alikwenda mafunzo kwa vitendo kwa wiki nane. Alikuwa katibu wa jumuiya ya wanafunzi chuoni. Amesimamia zamu za walimu wa madrasa, au ameshika daftari la michango ya arusi ya dada yake na kulifunga bila shilingi kupotea. Yote hayo ni malighafi ya majibu, mradi yasimuliwe kwa mpangilio.

Mpangilio tunaoupendekeza una hatua nne: hali ilikuwaje, wajibu wako ulikuwa upi, ulichukua hatua gani, na matokeo yalikuwa nini. Tuchukulie binti aliyefanya mafunzo kwa vitendo katika masijala ya hospitali ya wilaya. Akiulizwa kama anaweza kutunza kumbukumbu, anaweza kusema, “Ndiyo, mimi ni makini sana,” na jopo likaandika alama ndogo. Au anaweza kusema hivi: “Nilikuta fomu za likizo zimewekwa pamoja bila kufuata majina, na watumishi walikuwa wakisubiri siku mbili ili kujua siku zao zilizobaki. Msimamizi wangu alinipa kazi ya kuzipanga. Niliandaa daftari la majina, nikaweka kila fomu katika faili la mwenyewe, nikaandika siku zilizotumika na zilizobaki. Nilipoondoka, mtumishi aliweza kupata jibu siku hiyohiyo.” Hakuna neno la sifa katika jibu hilo, lakini msikilizaji ameshaziona sifa zenyewe.

Tunasisitiza jambo moja. Kisa hicho lazima kiwe chake kweli. Kijana akiazima kisa cha mwenziwe, swali la pili litamfichua: “Msimamizi wako alikuwa nani? Mafaili yalikuwa mangapi?” Majopo huwapigia simu wadhamini waliotajwa kwenye wasifu. Na anayeomba kukabidhiwa kumbukumbu za watu, kisha akadanganya katika kumbukumbu zake mwenyewe, amekwisha kujijibu.

Sheria zinazopaswa kujulikana

Ushahidi wa maisha hautoshi peke yake. Kazi hii ina elimu yake. Kwa Tanzania Bara, kijana asiingie chumbani bila kuisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Aelewe kwamba saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku. Kwamba likizo ya mwaka ni siku 28. Kwamba likizo ya uzazi ni siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Na kwamba kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya dini, kabila, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na mingineyo. Sheria za kazi zilifanyiwa marekebisho mwaka 2025, yakiwamo yanayomhusu mama aliyejifungua mtoto njiti, hivyo vitini vya chuo vya miaka ya nyuma havitoshi.

Anayeomba kazi serikalini aongeze Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, na ajue nafasi ya Tume ya Utumishi wa Umma katika rufaa za nidhamu. Ajue pia kwamba OPRAS, mfumo wa kupima utendaji uliofundishwa vyuoni kwa miaka mingi, umepisha mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Ndugu zetu wa Zanzibar wanayo sheria yao ya ajira, Namba 11 ya mwaka 2005, na kijana wa Unguja au Pemba atakayejibu kwa sheria ya Bara ataonekana hakujiandaa kwa mwajiri aliye mbele yake.

Kutaja namba za vifungu si lengo. Lengo ni kijana aweze kuitumia sheria mahali palipo na mtu. Tutazame maswali matatu ambayo aghalabu humtenganisha aliyejiandaa na asiyejiandaa.

Mkuu wa idara anataka mtu afukuzwe leo

Jopo huuliza: “Mkuu wa idara ameingia ofisini kwako asubuhi, amekasirika, anataka mtumishi fulani aachishwe kazi leo hii. Utafanya nini?” Jibu la wengi ni, “Nitafuata sheria na taratibu.” Ni sahihi, lakini halina kitu ndani yake. Jopo litauliza, “Taratibu zipi?” na ukimya utatawala.

Aliyejiandaa atasema: “Nitamsikiliza mpaka amalize, kisha nitamwomba aniandikie kilichotokea, lini, na nani alishuhudia. Tutafanya uchunguzi kwanza. Ikilazimu mtumishi akae pembeni kupisha uchunguzi, atasimamishwa huku akilipwa mshahara wake kamili. Tukiona kuna hoja, atapewa tuhuma kwa maandishi na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na ataruhusiwa kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Kikao kiongozwe na mtu ambaye hakuhusika na tukio. Uamuzi utatolewa kwa sababu zilizoandikwa, na ataelezwa haki yake ya kukata rufaa. Mkuu wa idara nitamweleza kwamba tukimwondoa mtu kwa hasira, shauri linaweza kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na taasisi ikalipa fidia kubwa hata kama kosa lilikuwepo.”

Huo ni utaratibu wa Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 kwa mwajiri wa sekta binafsi. Serikalini njia ni nyingine, ingawa haki ya kujua tuhuma na kusikilizwa ipo pia. Jibu hili limebeba elimu na limebeba uadilifu: mtuhumiwa analindwa, na mkuu wa idara anasaidiwa asijiingize katika hasara.

Mkurugenzi analeta wasifu wa mpwa wake

Swali hili lina mwiba, kwa kuwa mara nyingine anayeliuliza ni mkurugenzi mwenyewe. “Nikikuletea maombi ya mpwa wangu kwa nafasi iliyotangazwa, utafanyaje?” Kuna anayejibu kwa woga, “Nitampa nafasi, wewe ni bosi.” Kuna anayejibu kwa jeuri, “Nitakataa, hiyo ni rushwa.” Hakuna kati yao anayemsaidia mwajiri.

Mpwa wa mkurugenzi ana haki ya kuomba kazi kama mtoto wa mtu mwingine yeyote. Jibu madhubuti huanzia hapo: “Nitayapokea maombi yake kabla ya siku ya mwisho kama ya wengine, nitayaweka katika mchujo kwa vigezo vilevile vilivyotangazwa, na nitakuomba ujitoe katika jopo na kutangaza uhusiano wenu kwa maandishi. Akishinda, ushindi wake utakuwa halali na hakuna atakayemnyooshea kidole. Asiposhinda, nitakueleza alipungukiwa wapi.”

Hapa tunawaomba wazazi watusikilize kwa makini. Hatuwezi kumwandaa kijana alijibu swali hili vizuri saa nne asubuhi, ilhali usiku uliotangulia tulikuwa tunapiga simu kutafuta nani anamfahamu nani katika jopo lile. Tena katika Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, maombi hupitia mfumo wa Ajira Portal, na kada nyingi hupita usaili wa mchujo wa kuandika kabla ya mahojiano ya ana kwa ana. Hakuna ada inayotozwa kwa hilo. Anayeahidi kumpitisha mwanao kwa malipo ni tapeli, au ni mtu anayekuuzia haki ya mtoto wa mwenzako.

Jirani anauliza mshahara wa mumewe

“Jirani yenu, ambaye mumewe ni mtumishi wa hapa, anakujia nyumbani jioni na kukuuliza mumewe analipwa kiasi gani, kwa kuwa haachi fedha ya matumizi. Utamjibu nini?” Hili ni swali la siri, lakini limevikwa huruma ili kupima kama huruma itamwangusha msailiwa.

Kijana anapaswa kusema kwamba taarifa ile ni ya mtumishi, hata kama anayeiuliza ana dhiki ya kweli, na kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imezidi kulitilia uzito jambo hilo. Lakini asiishie kwenye kukataa. Aongeze: “Nitamweleza kwa heshima kwamba siwezi kulisema hilo, na nitamshauri aende kwa wazee wa familia, ustawi wa jamii au mahakama. Mahakama ikiagiza taarifa itolewe, ofisi itaitoa kwa njia ya barua.” Mlango aliofungua ni ule unaostahiki, na siri ya mtumishi imebaki ofisini.

Maswali ya kawaida yanayowakwaza wengi

Akiulizwa udhaifu wake, kijana asiseme kwamba yeye ni mkamilifu kupita kiasi. Jopo limeshalisikia jibu hilo tangu asubuhi. Ataje upungufu wa kweli usioharibu kiini cha kazi, na hatua aliyokwisha kuichukua: “Sikuwa mzuri katika kuandaa hesabu kwa Excel. Tangu nimalize chuo nimekuwa nikijifunza kwa kuandaa hesabu za kikundi cha akina mama cha mtaani kwetu, na sasa naweza kuandaa jedwali la malipo bila msaada.”

Akiulizwa mshahara katika kampuni binafsi, awe ameulizia mapema viwango vya nafasi kama hiyo, ataje kiwango cha chini na cha juu, na aulize kwa adabu kama kiasi hicho ni kabla au baada ya makato. Anayeomba kazi ya kusimamia mishahara akishindwa kutofautisha hayo mawili atatia shaka.

Mabinti huulizwa, “Una watoto? Nani atawaangalia?” Sheria inamlinda, lakini kugombana ndani ya chumba hakumsaidii. Atulie na ajibu kuhusu kazi: “Nimeshapanga mambo ya nyumbani kwa namna itakayoniwezesha kufika na kutimiza saa zote za kazi.” Atakayekaza zaidi ya hapo amempa kijana taarifa muhimu kuhusu mahali pale.

Vilevile swala ya Ijumaa na hijabu. Kwa swala, aseme wazi na mapema, bila kuomba radhi na bila kutunisha misuli: “Ijumaa ninahitaji muda wa kuswali, niko tayari kuufidia asubuhi au jioni, na nitahakikisha dawati langu lina mtu.” Kwa hijabu, aiwahi kwa unadhifu, na mavazi yenyewe yatazungumza. Asiyepeana mkono na jinsia nyingine aweke kiganja kifuani, atabasamu na asalimie kwa sauti ya kusikika. Watu huudhika kwa uso uliokunjwa kuliko kwa mkono usionyooshwa.

Mwisho jopo husema, “Una swali?” Asijibu, “Hapana.” Aulize jambo la kazi: ofisi ya rasilimali watu ina watumishi wangapi, changamoto kubwa ya mwaka huu ni ipi, utendaji wa atakayeajiriwa utapimwaje katika miezi ya majaribio.

Jopo la nyumbani

Familia ina nafasi kubwa katika haya. Tunapendekeza kwamba wiki moja kabla ya usaili, baada ya Isha, watu watatu wakae mezani kama jopo: baba au mjomba, shangazi au dada mkubwa, na mtu mmoja asiyemzoea kijana, labda mwalimu wa mtaani. Kijana abishe hodi, asalimie, asubiri kukaribishwa kiti. Waulize maswali kwa zamu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa kuwa lugha ya usaili hutofautiana. Mmoja ashike saa. Wasicheke, wasimkatize, na wasimpe majibu yao. Akimaliza, kila mmoja amwambie jambo moja lililomridhisha na moja ambalo hakulielewa.

Siku ya usaili afike mapema akiwa na vyeti halisi na kitambulisho katika bahasha moja. Akirudi, mzazi asimuulize, “Umepata?” Yeye hajui bado. Amwulize, “Wamekuuliza nini?” kisha waandike maswali yote katika daftari, pamoja na majibu aliyotamani angeyatoa. Daftari hilo litamfaa yeye kwenye usaili ujao, na likimfungulia mlango, limpatie mdogo wake au kijana wa jirani.

Kwa yule atakayefanikiwa, tunamwachia neno hili. Ipo siku ataletewa wasifu wa mpwa wa mkurugenzi kwelikweli, na mkuu wa idara atafika mlangoni akiwa amekasirika. Hapo jopo halitakuwepo wala hakuna atakayetoa alama. Kutakuwepo na mtumishi mmoja nje ya mlango, mwenye watoto nyumbani, akisubiri kuona kama maneno yaliyosemwa siku ya usaili yalikuwa ya kweli.